Kutoka sifuri: Asics ilivyorudi kwenye viatu vya mbio ndefu

Kila tarehe 2 na 3 Januari, Wajapani kwa mamilioni hukaa mbele ya televisheni kutazama Hakone Ekiden, mbio za kupokezana za vyuo vikuu vya eneo la Kanto. Ni kilomita 217.1 zilizogawanywa vipande kumi: vitano vya kwenda, kutoka Otemachi katikati ya Tokyo hadi Ziwa Ashi kule milimani, na vitano vya kurudi. Wakenya wamo humo tangu mwaka 1989, Joseph Otwori alipokimbia kwa niaba ya Chuo Kikuu cha Yamanashi Gakuin. Kwa kampuni za viatu hakuna tangazo linaloshinda siku hizo mbili, kwa sababu kamera haiachi miguu ya wakimbiaji, na magazeti ya Japani huhesabu nani amevaa nini.

Januari 2021 timu zilikuwa 21 na wakimbiaji 210. Kati yao 201 walivaa Nike. Aliyevaa Asics hakuwepo hata mmoja. Miaka minne tu kabla ya hapo, 2017, Asics ndiyo iliyoongoza, ikiwa na wakimbiaji 67, karibu theluthi moja ya wote. Kampuni ya Kobe, iliyoanzishwa Japani na kukulia kwenye mbio za Japani, ilikuwa imefutika kwenye barabara ya nyumbani kwake.

Kisa hiki husimuliwa kana kwamba sifuri ile ndiyo iliyowaamsha. Ratiba inasema vingine. Kikosi kilichotengeneza kiatu cha kurudi nacho kiliundwa mwishoni mwa 2019, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya Hakone ile. Sifuri ilikuja wakati dawa iko jikoni lakini haijaiva. Tofauti hiyo ina uzito kwa yeyote anayetaka kujifunza hapa, maana kampuni inayosubiri sifuri ndipo ianze huwa imechelewa. Kutoka wazo hadi kiatu kilicho dukani ni kama mwaka na nusu hata kwa watu wanaokimbizana na saa.

Walichokuwa nacho, na kilivyowafunga

Kihachiro Onitsuka alianza kutengeneza viatu Kobe mwaka 1949. Mwaka 1961 alimfuata Abebe Bikila, Mhabeshi aliyekuwa ameshinda marathoni ya Olimpiki ya Roma pekupeku, akamshawishi avae viatu vyake kwenye marathoni ya Mainichi huko Osaka. Kuanzia miaka ya 1960 viatu vyake viliuzwa Marekani na kampuni ndogo ya Phil Knight na kocha Bill Bowerman, Blue Ribbon Sports, ambayo baadaye iliachana naye na kuwa Nike. Jina Asics lilikuja 1977, Onitsuka alipounganisha kampuni yake na nyingine mbili.

Nguvu yao halisi ilikuwa mikononi mwa fundi. Hitoshi Mimura alikuwa akipima mguu wa mwanariadha mmoja mmoja na kumtengenezea kiatu chake peke yake. Naoko Takahashi alishinda marathoni ya Olimpiki ya Sydney 2000 kwa viatu hivyo, na Mizuki Noguchi akafuata Athens 2004. Cha Noguchi kilikuwa na pumba za mpunga zilizochanganywa kwenye soli ili kishike barabara za Athens zinazoteleza. Huo ndio ulikuwa ujuzi wa Asics: soli nyembamba, kiatu chepesi, mguu uione barabara, na kila tatizo litatuliwe kwa mwanariadha husika.

Ndani ya ujuzi huo palikuwa na imani iliyokuja kuwagharimu. Soli nene ilihesabiwa kuwa ya mtu mzito au anayeanza, anayehitaji kulindwa. Huyo aliuziwa Gel-Kayano, iliyoingia sokoni 1993. Mwenye kasi alipewa Sortie au Tarther, viatu vinavyokaribia kugusa lami. Katalogi nzima ilipangwa hivyo, mafundi walifunzwa hivyo, na wakimbiaji wa vyuo waliamini hivyo. Haikuwa imani ya kijinga. Kwa povu la soli lililokuwepo wakati ule, kuongeza unene kulikuwa kuongeza uzito na kupoteza nguvu, kwa hiyo soli nyembamba lilikuwa jibu sahihi. Povu lilipobadilika, jibu lilibadilika nalo, ila Asics ikabaki na la zamani.

Kilichobadilika 2017

Vaporfly 4% ya Nike ilitoka mwaka 2017, mwaka uleule Eliud Kipchoge alipokimbia umbali wa marathoni kwa saa 2:00:25 kwenye uwanja wa magari wa Monza. Watu wengi waliona bamba la kaboni lililo ndani ya soli wakadhani siri ni hilo. Vipimo havikubaliani nao. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, uliohusisha wakimbiaji 18 waliokimbia kilomita 14, 16 na 18 kwa saa, ulikuta wanatumia nishati pungufu kwa wastani wa asilimia 4 wakilinganishwa na viatu bora vya ushindani vya wakati ule. Katika mashine, povu la kiatu kile lilirudisha karibu asilimia 87 ya nishati lililoingiziwa. Kiatu cha Adidas chenye povu la Boost kilirudisha kama 76, na kile cha zamani cha Nike kama 66. Baadaye watafiti walilikata bamba la Vaporfly vipande ili lisikaze tena, wakawapima wakimbiaji upya. Tofauti ya nishati ilikuwa ndogo mno.

Maana yake ni kwamba injini ni povu: aina ya PEBA, plastiki inayonepa, jepesi kiasi kwamba unaweza kurundika milimita 30 na zaidi chini ya kisigino bila kiatu kuwa kizito. Bamba lina kazi yake, lakini ni kazi ya usaidizi. Povu laini hivyo likiachwa peke yake huyumba, mguu ukazama upande mmoja, bamba hulituliza. Na kwa kuwa limepindwa, hufanya kiatu kizunguke kwenda mbele badala ya vidole kukunjika.

Asics walisoma nusu ya funzo. Februari 2019 walitoa MetaRide, kiatu chenye soli ngumu iliyopinda kama sehemu ya gurudumu. Kilipunguza kazi ya kifundo cha mguu, lakini kilikuwa kizito na si cha mashindano. Mwaka 2020 wakatoa Metaracer, safari hii na bamba la kaboni ndani. Unene wa soli ulikuwa milimita 24 kisigino na 15 mbele, na povu lilikuwa Flytefoam, povu la kawaida. Yaani walichukua msaidizi wakaiacha injini. Kwenye karatasi kilikuwa kiatu cha kaboni kama cha mshindani. Barabarani kilikuwa kiatu chembamba cha zamani kilichokazwa. Mwanafunzi wa Hakone aliyejaribu kiatu hicho na Vaporfly hakuhitaji maabara kumwambia achague kipi. Mwaka huo 2020 Asics walikuwa wamebaki na wakimbiaji 7 kati ya 210, na mwaka uliofuata ndiyo sifuri.

Kampuni nyingi zinazofukuzana na mshindani huangukia hapo hapo: zinanakili sehemu inayoonekana, inayoweza kuandikwa kwenye boksi, zinaacha ile inayofanya kazi.

Kanuni iliyowapa waliobaki nyuma nafasi

Jambo moja husahaulika kwenye masimulizi mengi. Tarehe 31 Januari 2020 Shirikisho la Riadha Duniani liliweka mipaka: soli ya kiatu cha barabarani isizidi milimita 40, na ndani yake kuwe na bamba moja tu gumu. Kabla ya hapo aliyekuwa mbele angeweza kuendelea kupanda juu, na anayemfuata hakuwa na shabaha ya kulenga. Sasa dari lilijulikana. Mhandisi wa Kobe alijua nafasi aliyo nayo kwa milimita, na alijua mshindani wake hawezi kuizidi. Ushindani ukahamia kwenye povu bora zaidi, gramu chache zaidi na umbo la bamba. Asics walikuwa na taasisi yao ya utafiti wa michezo hapo Kobe, kwa hiyo ushindani wa aina hiyo waliuweza.

Kikosi kidogo chini ya bosi mmoja

Yasuhito Hirota aliingia Asics akitokea kampuni ya biashara ya Mitsubishi, akawa rais mwaka 2018. Mwaka huo kampuni ilipata hasara ya zaidi ya yen bilioni 20, kwa sehemu kubwa kutokana na gharama za kujipanga upya. Mwishoni mwa 2019 aliunda kikosi kidogo kilichoitwa C-Project, C ikitoka kwenye neno la Kijapani chojo, yaani kilele, agizo la Onitsuka mwenyewe kwamba mlima ushambuliwe kuanzia juu. Kikosi kilichukua watu kutoka utafiti, utengenezaji na wale wanaoshughulika na wanariadha, na kilimjibu rais moja kwa moja.

Hapo kwenye kumjibu rais ndipo penye uzito. Katika kampuni kubwa ya viatu, sampuli ya kiatu hupita kwa anayesimamia gharama, kwa kiwanda, kwa wauzaji wa kila kanda, na kila mmoja hupunguza kidogo: povu hili ni ghali, soli hii ni nene mno kwa mteja wetu, rangi hii haiuziki Ulaya. Kiatu kinachotoka mwishoni hakimuudhi mtu yeyote wala hakimshindishi mtu yeyote. C-Project iliondolewa kwenye msururu huo. Mpango wao ulikuwa mfupi: tengeneza sampuli, mpe mwanariadha wa kiwango cha juu, sikiliza malalamiko yake, tengeneza nyingine. Mteja wa kawaida angekuja baadaye.

Ni ujuzi uleule wa Mimura, wa kusikiliza mguu mmoja baada ya mwingine, sema sasa uliambatanishwa na povu jipya na vipimo vya maabara. Asics haikuzaliwa upya kwa kuacha tabia yake. Ilichoacha ni imani moja ndani ya tabia hiyo.

Metaspeed: viatu viwili badala ya kimoja

Metaspeed Sky, kiatu cha kikosi hicho, ilitoka tarehe 30 Machi 2021, miezi mitatu baada ya sifuri. Kisigino milimita 33, mbele 28, povu jipya la FF Blast Turbo, bamba la kaboni, bei dola 250 nchini Marekani. Pacha wake, Metaspeed Edge, ilifuata baadaye mwaka huohuo.

Wazo la viatu viwili lilitokana na kuwatazama wakimbiaji wanavyoongeza kasi. Kasi ni urefu wa hatua mara idadi ya hatua kwa dakika. Kuna anayeongeza kasi kwa kurefusha hatua tu, idadi ikibaki karibu ileile. Na kuna anayeongeza vyote viwili, idadi ikipanda wazi kadiri anavyoharakisha. Sky ni ya wa kwanza: povu limewekwa kwa wingi chini ya bamba, anayetua kwa nguvu analikandamiza nalo linamrusha. Edge ni ya wa pili: bamba limepinda zaidi ili mguu uzunguke haraka kwenda hatua inayofuata.

Mtu anaweza kujipima bila maabara. Kimbia kilomita moja kwa mwendo wa dakika 5, hesabu hatua za miguu yote miwili kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Pumzika, kisha rudia kwa mwendo wa dakika 4. Kwa dakika 5 unakwenda mita 200 kwa dakika. Ukihesabu hatua 170, kila hatua ni mita 1.18. Kwa dakika 4 unakwenda mita 250. Ukihesabu 174, hatua imekuwa mita 1.44, wewe ni wa kurefusha. Ukihesabu 190, hatua ni mita 1.32, na karibu nusu ya kasi uliyoongeza imetoka kwenye idadi. Hesabu kwenye barabara tambarare na miguu ikiwa imepashwa moto, la sivyo namba zitakudanganya. Wengi wataangukia katikati, na hao wachague kwa kuvaa na kukimbia.

Asics ilidai kwamba mkimbiaji wa kurefusha akiwa na Sky hupunguza kama hatua 350 katika marathoni. Kwa hatua za mita 1.39, kilomita 42.195 ni hatua zipatazo 30,350, hivyo dai hilo ni kama asilimia 1.2. Ni dai la kampuni kuhusu kiatu chake na lisomwe hivyo, lakini ni dai la kiasi, na wakimbiaji waliliamini zaidi kwa sababu hiyo.

Uthibitisho wa kwanza barabarani haukutoka Japani. Tarehe 3 Aprili 2021 Beth Potter wa Uingereza, ambaye ni mwanamichezo wa triathlon (kuogelea, baiskeli na kukimbia), alikimbia kilomita 5 huko Barrowford kwa dakika 14:41 akiwa amevaa Sky. Rekodi ya dunia ya Beatrice Chepkoech wa Kenya, iliyowekwa Monaco miezi miwili nyuma, ilikuwa 14:43. Muda wa Potter haukuidhinishwa kuwa rekodi, ila habari ilikwishaenea: kuna kiatu kisicho cha Nike kinachokwenda hivyo.

Dosari ilikuwepo, na ilikuwa kwenye Edge. Toleo la kwanza lilikuwa na milimita 29 kisigino na 21 mbele. Ule woga wa soli nene ulikuwa bado haujaisha. Mkimbiaji wa hatua nyingi alipewa povu pungufu kana kwamba hahitaji kurudishiwa nishati. Mwaka 2022 Edge+ na Sky+ zilipandishwa zote hadi karibu na dari la kanuni, milimita 39 kisigino. Tangu hapo tofauti ya viatu hivi ni umbo la bamba na mpangilio wa povu, na ndivyo ilivyopaswa kuwa toka mwanzo. Dosari ya pili ni ya dukani: mteja wa kawaida hajui ni wa aina gani, na muuzaji asiyefunzwa hawezi kumwambia, kwa hiyo hununua kwa rangi.

Namba za Asics kule Hakone baadaye zinasoma hivi. 2022: wakimbiaji 24. 2023: 32. 2024, mwaka ambao timu ziliongezwa hadi 23: 57 kati ya 230. 2025: 54 kati ya 210, yaani asilimia 25.7. Mwaka huo Nike ilikuwa na 49 na Puma 25. Aliyeongoza ni Adidas, 76. Asics ilimpita aliyeifuta, lakini kiti cha juu kilikaliwa na mwingine aliyekuwa akipanda wakati uleule.

Iten, na gramu zilizofuata

Shambulio la kilele lingekuwa maneno matupu bila Bonde la Ufa. Asics ilianzisha kambi yake Iten, ikaipa jina lilelile la Chojo, ili sampuli zijaribiwe na watu wanaokimbia zaidi ya kilomita 150 kwa wiki kwenye vumbi na miinuko, si kwenye mashine tu. Vincent Ngetich alivaa Asics aliposhika nafasi ya pili Berlin 2023 kwa saa 2:03:13, nyuma ya Kipchoge, kisha ya tatu Tokyo 2024.

Matoleo yaliyofuata ni vita vya gramu. Metaspeed ya Paris, 2024, ilishuka hadi gramu 185 hivi. Ya Tokyo, 2025, ilikuwa karibu gramu 170. Pamoja nayo ikaja Ray, kiatu cha povu jipya la FF Leap chenye gramu 129 na bei ya dola 300. Uzito wa namna hiyo haupatikani bure: mpira wa chini hupunguzwa, kitambaa cha juu huwa chembamba kama karatasi, na kiatu huwa cha siku ya mbio, si cha mazoezi. Anayekimbia marathoni kwa saa nne asikinunue. Soli nene na laini kiasi hicho humyumbisha mtu aliyechoka anayetua kwa kisigino, na misuli ya nyuma ya mguu ndiyo hulipa.

Fedha zilitoka wapi

Mwaka 2020 Asics ilipata hasara ya yen bilioni 16.1 kwa mauzo ya bilioni 328.8. Mwaka 2024 mauzo yalikuwa bilioni 678.5 na faida ya uendeshaji bilioni 100.1, mara ya kwanza kuvuka bilioni 100. Ni rahisi kuchora mstari kutoka Metaspeed hadi hapo, na wengi wameuchora. Mstari huo si mnyoofu. Viatu vya kukimbia vilikuwa karibu nusu tu ya mauzo hayo. Onitsuka Tiger, jina la zamani lililofufuliwa kama viatu vya mitindo, lilikaribia yen bilioni 100, na viatu vya mtaani vya SportStyle vikawa hapohapo. Kudhoofika kwa yen kulinenepesha kila dola na yuro iliyorudishwa Kobe. Hirota pia aliacha kuigawa kampuni kwa kanda peke yake, akafanya kila aina ya bidhaa iwe na hesabu yake ya faida na hasara, hivyo hasara ya bidhaa moja haikuweza tena kujificha ndani ya faida ya nchi nzima. Na mshindani mkuu alisaidia: Nike ilipoyaacha maduka mengi ya kati ili iuze yenyewe moja kwa moja, rafu za maduka ya wakimbiaji zilibaki wazi, zikajazwa na Asics, Hoka, On na Brooks.

Mchango wa Metaspeed kwenye pesa hizo ni wa aina nyingine. Kiatu cha dola 250 huuzwa jozi chache. Anayekiona mguuni mwa mshindi hununua Novablast au Gel-Nimbus ya kufanyia mazoezi, na muuzaji wa duka hana tena haja ya kueleza kwa nini jina hili liko kwenye rafu ya wenye kasi. Bila Metaspeed, yen na mitindo vingeipa kampuni faida, ila isingekuwa faida ya kampuni ya mbio.

Kilichobaki ni marathoni yenyewe. Rekodi za dunia zilizowekwa kati ya 2018 na 2024, za Kipchoge, Kosgei, Kiptum, Assefa na Chepngetich, zote zilikimbiwa kwa Nike au Adidas. Kikosi kilichoundwa kwa ajili ya kilele bado hakijaishika rekodi hiyo.